Kimo cha Pazia

Tundu la tatu la kufungia pazia la kukunja nalo lilimwaga plasta kama unga. Fundi alishuka ngazi, mgongo ukimuuma, akatafuta mkobani plagi ndefu za kushikia skrubu.

"Pole, mwanangu," alisema bibi mgonjwa kitandani. "Binti yangu anataka lizibe dirisha lote. Ati kuchungulia geti kutwa, nikimngoja kaka yake, kunanimaliza."

"Na kweli kunakumaliza?"

"Kungoja ndiko kunakoniamsha asubuhi."

Fundi alizitazama zile plagi kiganjani. Zingeshika. Akazirudisha mkobani, akapanda tena, akatoboa juu zaidi, kwenye zege. Pazia likaacha upenyo wa shubiri nzima chini.

Binti aliingia. "Mbona fupi?"

"Ukuta umegoma, dada," alijibu fundi bila kugeuka.