Isizidi Themanini

Namba ilipofika themanini, Ruben aliacha tonge la bukari kwenye sahani, akaruka kwenda kuchomoa waya wa kompyuta.

Chancelvie, mke wake, alimtazama tu. Jamani, nani anafanya hivyo Lubumbashi? Umeme ukirudi mtaani kwao Bel-Air, kila nyumba inachomeka kila kitu chenye waya, maana hakuna ajuaye utakaa saa ngapi. Huyu wake anachomoa kabla betri haijajaa.

"Batterie ikiyala mpaka mia kila siku, inazeeka mbio," Ruben alisema, kama alivyosema jana na juzi. "Ile machine inapashwa kukaa miaka kumi na tatu."

Kumi na tatu! Kule Kenya, mtaa wa hapo hapo Lubumbashi, Dédé fundi wa kompyuta alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Alimwambia kuishia themanini kutasaidia kweli, ila betri ya kufika miaka hiyo hajaiona bado. Anunue flash, anakili mambo yake, yaishe. Ruben akajibu kwamba flash inapotea na simu inaibiwa, lakini mashine inabaki nyumbani. Chancelvie alikuwa amesimama hapo hapo, akaona aibu kwa niaba ya mume wake.

Aibu ile ikageuka woga, polepole. Ruben alikuwa anakonda. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya alilolitoboa kwa msumari. Chakula alikirudisha nusu. Mara mbili alikwenda kliniki peke yake, bahasha ya kaki ndani ya shati, na alipoulizwa akasema ni mambo ya kazi.

Kliniki hiyo Chancelvie aliijua. Alikwenda mwezi wa pili kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe, Ruben akimsindikiza. Daktari alimwambia ni gastriti tu, kisha akamwita Ruben pembeni amwandikie karatasi ya dawa. Vidonge vyenyewe havikusaidia kitu, lakini nani ana nafasi ya kulilia tumbo wakati mume anayeyuka mbele ya macho yake?

Kwao habari nzito haisemwi ovyo. Baba yake Chancelvie alipougua, ukoo mzima ulijua, hata majirani walijua. Mzee mwenyewe aliambiwa ni malaria mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo Chancelvie alijua pa kuchunguza. Alimpigia wifi yake Albertine, akamuuliza kijuujuu kama kaka yake ni mzima.

Albertine akaanza kulia.

"Mama Abi, ukule muzuri," alisema mwishowe. "Leta mutoto kwangu wakati ya vacances ya masomo. Weye upumuzike."

Chancelvie alikata simu. Basi ni kweli. Ruben anakufa, na yeye anafichwa. Abigaël, mtoto wao mmoja, ana miaka mitano. Mitano na kumi na tatu ni kumi na minane. Alirudia hesabu hiyo mara tatu, na sasa alielewa kwa nini betri haipaswi kuzeeka.

Alielewa na zile Jumapili pia. Kila walipotoka kanisani, Ruben aliweka kompyuta wazi kwenye meza ya jikoni, Chancelvie akimsuka mtoto au akimwonyesha jinsi ya kusonga bukari. "Nafilmer mutoto," alisema. "Anakomea mbio, anakuwa mukubwa." Siku moja alimwomba mkewe amsimulie Abigaël jinsi walivyomchagulia jina, na katikati ya hadithi akatoka nje, akisema moshi wa makaa umemwingia machoni.

Mwanaume anayekusanya sauti za nyumba yake kabla ya kuiacha! Chancelvie alimhurumia, na hapo hapo alimkasirikia kwa kumficha.

Jumamosi Ruben alikwenda tena kliniki. Saa sita mchana umeme ulirudi. Chancelvie alichomeka kompyuta mwenyewe. Sabini na nane. Sabini na tisa. Themanini. Hakuchomoa. Acha ijae, alisema moyoni, siku moja haitaua mtu. Aliketi, mkono mmoja umekandamiza tumbo, akaandika neno la siri, ambalo lilikuwa jina la mtoto, akalikuta faili ambalo mume wake hakuwahi kulifungua mbele yake.

Ndani mlikuwa na video kumi na tatu. Ya kwanza iliitwa "Abigaël, miaka sita." Ya mwisho, "Abigaël, miaka kumi na minane."

Alilia kabla hajafungua hata moja. Alijiandaa kuuona uso wa Ruben, ule wa kabla ya kukonda, akimuaga binti yake mwaka kwa mwaka. Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akabonyeza ya mwisho.

Ruben hakuwemo. Mtoto alionekana bega tu. Katikati ya kioo alikuwepo Chancelvie mwenyewe, unga mpaka kwenye viwiko, akicheka, na chini yake Ruben alikuwa ameandika: "Abigaël, huyu njo alikuwaka mama yako."