Masega

Foleni ya kwenda hospitali ilisimama kabisa. Fundi Shemdoe alimtazama mkewe, aliyeegemea mlango wa gari, pumu imembana, kila pumzi ikitoka na mlio wa filimbi.

"Zima gari, Baba Tunu. Moshi unaniua."

Akazima. Moshi haukupungua. Ulitoka kwenye magari ya mbele, na kila bomba alilijua. Kwa miaka saba yeye ndiye aliyeng'oa masega ya magari ya mji huu, vile vichujio vya moshi, akawauzia watu wanaotafuta madini yaliyomo. "Sasa gari nyepesi," aliwaambia wenye magari, nao wakamshukuru.

Siku ya kwanza alimwahidi mkewe kumletea kipande cha sega. Mke, akidhani ni sega la nyuki, akamngoja na bakuli la kutilia asali. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kipande chenyewe, kijivu, chenye vitundu kama vya nyuki, bado kilikaa juu ya dashibodi.

"Vumilia, Mama Tunu. Tunafika."

Mkewe alinyoosha mkono, akakichukua kile kipande, akakibana mdomoni kwa viganja viwili, akaanza kuvuta pumzi kupitia vitundu vyake.