Kisima Kikavu cha Kiboko

Barazani walikuwapo Simba Mwinyikambi, mwenyekiti. Kiboko Ngwashi, mchimba mafuta. Kanga binti Shomari, mjane mwenye vifaranga sita. Na Kobe Chamwenda, mkulima mkongwe.

Kila mavuno wote walitoa kodi ya mtama, isipokuwa Kiboko. Yeye alisamehewa, tena akapewa magunia ya ruzuku, mpaka kisima chake kitakapotoa mafuta. Mwaka ule Kanga alibakiwa na mbegu tu, nazo zilitakiwa kwa kodi.

"Kisima bado kikavu, Mwenyekiti," alisema Kiboko, kama alivyosema kwa miaka tisa. "Naomba niongezewe ruzuku."

"Pole, ndugu yangu," alisema Kobe. "Mwenyekiti, shimo kavu ni ghala zuri. Mtama wote wa kodi tuumimine humo leo hii."

"Vema," alisema Simba. "Mimineni."

Kiboko aliruka. "Msimimine! Mtaniharibia mafuta! Yamejaa mpaka juu!"

Kisha Kanga akacheka.

"Basi lete kodi, baba. Ya miaka tisa."

Kiboko aliitoa yote. Kanga alirudi shambani na mbegu zake, na wanyama wakamzungusha Kobe kijiji kizima kwa vigelegele.

Kobe Chamwenda alifariki Jumatano iliyofuata, kwa uzee.