Matanga ya Mazoezi

Mume wangu, Koplo Mbwilo, alipigwa risasi ya rangi kwenye mazoezi ya mataifa saba, akarudishwa nyumbani akiwa marehemu. Sheria ya siku hizi ni kwamba anayeuawa mazoezini amekufa mpaka mazoezi yafungwe. Familia nayo inafanya zoezi lake: turubai, matanga, mjane kujifunga kaniki. Kuongea na marehemu ni marufuku.

Basi nimeketi mkekani, wake wa askari wenzake wananipa pole, naye yuko pale jikoni anakula dagaa.

Afande Nandonde, mkaguzi wa familia, akaniinamia. "Mama Sekela, mbona hulii?"

"Nimlilie nani, afande? Yule pale anakula."

Akatabasamu. "Mwaka jana ulipiga kelele mpaka getini. Safari hii umetulia. Umefaulu."

Kumbe wananizoesha, ili siku watakapomleta kwenye jeneza la kweli nisiwasumbue.

Nikainuka, nikaenda jikoni. "Baba Sekela, sema neno."

Alimtazama afande kwanza. Kisha akaendelea kutafuna.