Nafasi Tupu za Kibwana

Siku Kibwana alipofariki, kiangulio cha mayai alichokuwa akikiunda kilibaki mezani, waya wake ukiwa bado kwenye kompyuta. Baada ya arobaini, dada yake Mwanahamisi alikaa kukimalizia. Programu ya kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, iliyokuja na kibao cha saketi cha kuendesha kiangulio haikumwonyesha makosa yalipo, kwa hiyo Lusajo, aliyekuwa akifanya kazi na marehemu, akamwekea nyingine.

"Hii tamu, dada. Ukihifadhi tu, inapanga mistari yenyewe na kufuta nafasi tupu kati ya mistari."

Mwanahamisi akamzuia mkono. Alipokuwa akiandika msimbo ule, kaka yake alikuwa na tabia ya kubonyeza kitufe cha kushuka mstari kila aliposita kufikiri. Nafasi zile zilikuwa kimya chake.

"Kazi haibadiliki," Lusajo akasema. "Ni usafi tu. Marehemu aliandika kama mtu anayekimbiza kuku!"

"Na aliwakamata. Haizimiki hiyo ya kupanga?"

Lusajo akatafuta kwenye mipangilio, akaizima.

Siku hizi Mwanahamisi huandikia kwenye programu hiyo mpya. Akifika kwenye nafasi tupu za kaka yake, hushuka nazo taratibu, kisha huendelea na kazi.