Blanketi Arobaini kutoka Handeni

"Bila kibali hupiti," alisema ofisa aliyesimama mbele ya kizuizi. "Kamati ya tathmini haijafika. Geuza gari."

Tiampati hakugeuza. Alizima injini, akashuka, akafungua nyuma ya lori na kujitwika gunia la unga begani.

"Gari linabaki," alisema. "Kibali cha kutembea kwa miguu sijawahi kukisikia."

Wenzake kumi na wawili wakashuka, kila mmoja na mzigo wake: unga, maharage, mafuta ya kula, na blanketi arobaini. Walikuwa wafugaji na wakulima wa Handeni. Hakuna aliyewatuma. Kimbunga kilipovuka kutoka pwani na kuangusha kambi ya wakata mkonge kule Ngombezi, walipitisha mchango kwenye mnada wa ng'ombe, na kesho yake wakawa njiani. Ofisa alipiga kelele, akatishia kuandika majina yao, mwisho akabaki anawatazama wakishika njia ya reli.

Walitembea saa mbili. Maji yalikuwa yamefunika mashamba, ncha za mkonge tu ndizo zilizoonekana. Pendo, mwalimu wa chekechea kutoka Kwaluguru, aliteleza mara tatu na mara zote furushi la blanketi likabaki kichwani.

"Tukifika tupumzike kidogo," alisema, anahema.

"Tukifika tunagawa," Tiampati akajibu. "Na tunagawa wenyewe, kwa mikono yetu."

Pendo hakubisha. Alikuwa anaijua habari ile. Mwaka wa ukame, ng'ombe walipokwisha, mahindi ya msaada yaliletwa kijijini kwa kina Tiampati. Waliojiita wasaidizi wakajigawia kwanza. Nailantei, mama yake Tiampati, alisimama kwenye foleni kutwa nzima, akarudi nyumbani na mfuko mtupu ameukunja kwapani. Tiampati aliapa siku ile kwamba msaada ukipita mikononi mwake, msaidizi atakuwa wa mwisho.

Waliwakuta watu kwenye uwanja wa shule. Foleni ilikuwa ndefu na ya kusikitisha: wazee, akina mama, watu wazima wenye tope mpaka magotini na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wengi walikuwa wamekumbatia mabegi yao kana kwamba hawana kingine duniani. Upande wa pili wanawake kama ishirini, kanga zimekazwa viunoni, walikuwa wanasonga ugali kwenye masufuria makubwa. Wanasonga na kuimba.

"Shikamoo mama," Tiampati alimsalimu yule aliyeonekana kuwa mkubwa wao.

"Marahaba, baba. Karibuni sana. Mimi Yasinta, ndiye ninayesimamia hapa. Mmetufaa, chakula kilikuwa kinaelekea mwisho."

"Poleni na kazi. Watu wanalala wapi?"

"Madarasani, wote wameenea. Sisi wapishi tunajibanza hapa barazani." Alipangusa jasho kwa kiwiko. "Tulishauriwa tukae tusubiri serikali. Nikasema tutasubiri tukiwa tumesimama. Hakuna aliyelala na njaa hapa, na hatalala mtu na njaa mimi nikiwa hai."

Tiampati alimpenda mama huyo papo hapo. Lakini kiapo ni kiapo.

Pendo alifungua furushi. Kabla hajatoa blanketi la kwanza, mpishi mmoja kijana, Angel, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alikuja mbio akachomoa moja. Tiampati akaliwahi upande wa pili.

"Hapana, dada. Anayejitolea hagusi msaada kabla ya waathirika."

"Kaka, mwanangu ana homa tangu juzi."

"Na wale kwenye foleni wana watoto pia."

Nyimbo zikakatika. Miiko ikasimama. Wanawake wote walimgeukia, na kwa muda Tiampati alidhani watamrukia. Alisimama imara, kama alivyosimama mbele ya ofisa. Hata Pendo alipomvuta shati, Tiampati aliupangua mkono wake.

Angel alifungua mdomo. Yasinta akamtangulia.

"Mwachie," alisema, sauti kavu. "Wageni kwanza. Sisi hatujafa."

Angel akaliachia blanketi. Alimrekebisha mtoto mgongoni, akarudi kwenye sufuria lake bila kutazama nyuma. Yasinta akauanzisha wimbo upya, kwa nguvu kuliko mwanzo, na wenzake wakaupokea kama watu wanaojibu matusi.

Tiampati alibeba blanketi mpaka mwanzo wa foleni. Moyo wake ulikuwa mweupe. Hapa, angalau, hakuna mama atakayerudi na mfuko mtupu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee aliyevaa koti la suti, limelowa, limeganda udongo. Tiampati alimfunika mwenyewe mabegani.

"Pole sana, mzee wangu. Nyumba itajengwa tena."

Mzee alilishika blanketi kwa mikono miwili, akamtazama usoni kwa mshangao.

"Nyumba yangu iko Moshi, mwanangu, na haina tatizo. Sisi hapa ni abiria. Barabara kuu imekatika mbele na nyuma, mabasi yetu matatu yamekwama kule."

Tiampati aliitazama foleni yote, mtu kwa mtu, mpaka mwisho.

"Na waliobomokewa nyumba wako wapi?"

Mzee alinyoosha kidole kuelekea jikoni.

"Ndio hao. Tangu juzi wanatulisha unga waliouchimbua kwenye vifusi vya nyumba zao."