Mji Ambao Athieno Hakuutoa

Athieno alikuwa akibambua karanga na nyanya yake huko Mukuju, simu imeegemea sufuria. Ndani ya simu, nchi ya mbali ilikuwa imemwapisha rais wake wa kwanza mwanamke katika mji wake mkuu. Sasa msichana wa rika la Athieno alisoma shairi, na umati mzima ukanyamaza.

"Kitendawili!" nyanya akasema.

"Tega."

"Huvuka mpaka wa Busia bila pasi, askari wakiwa macho."

Midomo ya Athieno ilikuwa ikimfuatisha yule msichana. "Nimeshindwa, Nyanya."

"Basi nipe mji. Tororo ulishanipa, Malaba pia. Nipe huo wa kwenye simu, na usiukanyage kamwe!"

Athieno akaifunika simu kwa kiganja chenye maganda.

"Huo hapana. Ngoja, Nyanya. Ni sauti."